Mayai ya Kipolandi ya kujaza kwenye ganda: ganda linapasuka na mchanganyiko unadondoka, nakosea wapi?

Sahani_Tupu

Wakuu habari za jioni. Anayeyajua mayai ya Kipolandi ya kujaza anisaidie, yale yanayoitwa jajka faszerowane (husomwa "yayka fasherovane"). Sisemei yale ya kumenya na kujaza mayonezi. Nataka yale ambayo yai la kuchemsha linakatwa nusu kwa urefu likiwa na ganda lake, cha ndani kinachotwa, kinakatwakatwa na kuchanganywa na kitunguu na majani, kinarudishwa kwenye ganda, kinapakwa chenga za mkate, halafu kinakaangwa kifudifudi kwenye siagi.

Nilivyofanya: mayai 10 ya kisasa, nimechemsha dakika 15, nimekata kwa kisu cha mboga. Kati ya nusu 20 za maganda, zima ni 7 tu. Viini vina ukingo wa kijani. Kwenye mchanganyiko nimeweka kitunguu kibichi, siagi laini vijiko viwili, chumvi na pilipili manga. Kwenye kikaango vyote vikaachia ganda vikawa kama rojo, na chenga zikawa nyeusi wakati katikati bado kumepoa.

Vifaa: jiko la gesi la plate mbili, sina oveni. Friji ninayo. Mkate niliotumia ni wa slesi wa kawaida wa dukani.

---

Kisu_cha_Meno

Mkuu, kosa lako limeanzia kwenye sufuria, kikaango kimesingiziwa. Mimi nakupa habari za ganda tu, mchanganyiko wapo wenyewe watakuja.

Unapochagua kwenye trei, acha yale makubwa yanayovutia macho. Kuku wa mayai akizeeka hutaga yai kubwa zaidi, lakini ganda lake huwa jembamba. Joto nalo lina sehemu yake: kuku akihema sana anapoteza kaboni dayoksaidi kwenye damu, na ganda linajengwa kwa kitu hichohicho kikiungana na kalisi. Kwa hiyo ukiona mayai ya Januari na Februari hapa Dar yana ganda dhaifu, usimlaumu muuzaji. Chukua ya wastani yenye ganda laini lisilo na vipele. Yagonganishe taratibu mawili mawili: mazima yanatoa mlio mkavu, lenye ufa linatoa mlio uliokufa. Kienyeji ni matamu, ila ni madogo, nusu moja inameza kijiko kimoja tu cha mchanganyiko. Utachoka kabla hujashiba.

Yai la jana au juzi halifai kwa kazi hii. Weupe wake umeng'ang'ania utando wa ndani, ukichota unatoka vipandevipande na kubomoa ganda. La siku saba hadi kumi linaachia vizuri. Kama hujui umri wake, litumbukize kwenye bakuli la maji: likilala chini kabisa bado bichi sana, likikaa chini huku upande butu umeinuka ndilo lenyewe, likielea tupa.

Lisugue kwa brashi laini na maji muda uleule unaotaka kulichemsha, maana ganda ndilo sahani yako na litaingia kwenye siagi. Ila usiyaoshe halafu ukayarudisha kabatini. Ukiosha unaondoa tabaka la nje linaloziba vitundu vya ganda, na vijidudu vinapata njia.

Kuchemsha: maji yachemke kwanza, punguza moto hadi yawe yanatokota tu bila kurukaruka, shusha mayai kwa kijiko moja moja. Dakika 10 kwa yai la wastani lililokuwa nje ya friji. Ukianzia maji ya baridi inakubali pia, ila muda wako utategemea nguvu ya gesi na wingi wa maji, ndiyo maana leo yanatoka hivi na kesho vile. Zile dakika 15 ndizo zilizokupa ukijani: salfa ya kwenye weupe imekutana na chuma cha kwenye kiini. Hayadhuru, ila yananuka kidogo na mchanganyiko unakuwa na rangi ya kijivu.

Halafu yapoze kwelikweli. Maji ya bomba hapa mjini yana uvuguvugu, ukiyamwagia mayai yanaendelea kuiva. Tafuta barafu, hata ile ya kwenye mifuko ya plastiki inayouzwa madukani, dakika 10 ndani ya maji ya barafu, kisha saa moja kwenye friji. Weupe uliopoa ni mgumu, unalishikilia ganda kwa ndani wakati unakata. Weupe wa moto unabonyea, ganda linakosa mgongo, linapasuka.

Sasa kukata. Kisu cha mboga kinakandamiza, na kukandamiza ndiko kunakopasua. Tumia kisu cha mkate chenye meno madogo. Kunja kitambaa, laza yai juu yake lisibingirike, lishike ncha mbili kwa kidole gumba na cha kati. Weka meno ya kisu katikati ya urefu, sogeza mbele na nyuma kwa uzito wa kisu chenyewe tu. Sikiliza: mwanzo utasikia mkwaruzo mkavu, kama kukwaruza kigae. Baada ya mara nne au tano mkwaruzo unazimika ghafla. Hapo meno yamepenya ganda, yapo kwenye weupe. Simama. Zungusha yai kidogo, anza sehemu inayofuata kwenye mstari uleule, mpaka mwisho ukutane na mwanzo. Mstari ukishafunga ndipo unapitisha kisu mara moja hadi chini. Wapolandi wazoefu hawafanyi yote haya, wanapiga pigo moja la kisu kizito na yai limeshagawanyika. Ukijaribu hivyo siku ya kwanza utaokota maganda sakafuni.

Kuchota, tumia kijiko cha chai chembamba, na uanzie upande butu. Kule kuna mfuko wa hewa, utando umeachana na ganda, kijiko kinapata pa kuingilia. Mgongo wa kijiko ulale kwenye ganda, zungusha, nusu yote itatoka kipande kimoja. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa kila ganda kutoa vipande vinavyoning'inia. Usiharakishe hapo, kipande kimoja tu cha ganda chini ya jino kinaharibu sahani nzima.

---

Mwiko_Mrefu

Kisu_cha_Meno kamaliza ganda. Naendelea na tumbo.

Vipimo kwa mayai 6, yaani nusu 12: kitunguu maji kimoja cha wastani (gramu 80 hivi kikishamenywa), siagi gramu 30 ya kukaangia kitunguu, majani mabichi yaliyokatwa vijiko 3 vya chakula, chenga za mkate vijiko 2 vya chakula, mtindi mzito kijiko 1 cha chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga robo kijiko cha chai. Pembeni weka chenga vijiko 4 vya kupakia juu, na siagi au samli gramu 30 ya kukaangia mwisho.

Kitunguu kibichi ndicho kilichokuharibia. Yai likishafika kwenye kikaango linakaa dakika tatu au nne tu, kitunguu hakiwezi kuiva muda huo. Kinachofanya ni kutoa maji, na maji yakitoka mchanganyiko hauna kinachoushika. Hivi vitunguu vyetu vyekundu, vya Singida au Mang'ola, ni vikali kuliko vile vya njano vinavyotumika sana Polandi, kwa hiyo kikibaki kibichi kinatawala kila kitu. Kikate vidogo sana, kikaange kwa moto mdogo dakika 6 hadi 8 mpaka kilainike na kuanza rangi ya dhahabu. Kiache kipoe. Usikimwage cha moto kwenye mayai.

Mayai yakate kwa kisu, vipande kama punje ya mchele au zaidi kidogo. Usitie blenda wala usiponde kwa uma hadi iwe laini. Ikishakuwa laini umetengeneza pasta jajeczna, ile ya Wapolandi ya kupaka kwenye mkate, ni nzuri lakini ni chakula kingine. Vipande vinatakiwa vionekane.

Changanya vyote, onja chumvi, kisha weka mchanganyiko kwenye friji nusu saa. Watu wengi wa Dar wanaruka hapa. Maelekezo ya Ulaya hayasemi friji kwa sababu jikoni kwao siagi inaganda yenyewe mezani. Kwetu hapa kwenye nyuzi 30 siagi ni mafuta, mchanganyiko unakuwa mlegevu na unateleza kwenye ganda. Ukitoka kwenye friji unashikana ukiubonyeza kiganjani.

Kujaza: bonyeza kwa kijiko hadi pembeni usiache mapengo ya hewa, na uuinue kidogo juu ya ukingo wa ganda, kama nusu sentimita. Ni uso wa mchanganyiko unaotakiwa kugusa kikaango. Ukiujaza usawa na ukingo, ganda ndilo linalogusa na ndani hakukauki. Kisha geuza nusu hiyo kifudifudi kwenye sahani ya chenga, ibonyeze taratibu, inua. Hakuna kuchovya kwenye yai kama katlesi.

Chenga nazo zina habari yake. Mkate wetu mwingi wa slesi una sukari, na sukari inaungua kabla siagi haijafanya kazi yake. Ndiyo sababu zako zimekuwa nyeusi. Tafuta mkate usio na sukari, ule mrefu mgumu wa mtindo wa Kifaransa unafaa. Ukatekate, ukaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo kabisa ukigeuza, uponde kwenye kinu. Hifadhi kwenye kopo linalofunga, kwa unyevu wa hapa ukiziacha wazi usiku mmoja asubuhi zimelainika.

Kukaanga: moto wa kati kushuka chini. Siagi itoe povu, povu likianza kutulia panga nusu 6 kifudifudi, ganda juu. Usiziguse dakika tatu. Ukitaka kuchungulia inua moja tu ya pembeni. Rangi ikiwa ya dhahabu iliyokolea, imeiva. Hakuna kugeuza upande wa pili, upande wa pili ni ganda. Kama unataka ndani kupate moto zaidi, shusha moto hadi mwisho, funika dakika mbili. Majiko haya ya plate mbili yanachoma katikati, kwa hiyo zungusha kikaango kila dakika. Kabla ya awamu ya pili pangusa kikaango kwa karatasi na uweke siagi mpya, zile chenga zilizobaki zikiungua zinapaka weusi kwenye nusu zote zinazofuata.

Siagi tupu inaungua upesi kwa sababu ya chembe za maziwa zilizomo. Ongeza kijiko cha mafuta ya alizeti, au tumia samli. Wapolandi nao wana siagi yao iliyochujwa, ndiyo samli hiyohiyo. Ila samli ya kienyeji yenye harufu kali itafunika ladha ya yai, tumia ile nyepesi.

---

Gesi_Imeisha

Yote sawa, ila hapo kwenye kushikana mimi natia yai bichi moja kwenye mchanganyiko. Halidondoki hata ukilitikisa. Mapishi mengi ya Kipolandi yanalo.

---

Mwiko_Mrefu

@Gesi_Imeisha ni kweli yapo mapishi yenye yai bichi, sikatai. Tatizo ni kwamba jamaa hana oveni. Yai bichi linatakiwa lifike nyuzi 70 na kitu hadi katikati ndipo uwe na amani na vijidudu vya salmonela. Hapa moto unatoka upande mmoja tu, mchanganyiko umetoka kwenye friji, na juu kuna ganda ambalo halipati moto. Uso unakuwa wa dhahabu, kitovu bado vuguvugu. Bila yai bichi kila kitu ndani kimeshaiva, unakaanga kwa ajili ya ukoko na joto tu, ukikosea dakika moja hakuna madhara. Mwenye oveni atie yai, apange nusu zikitazama juu, nyuzi 180, dakika 12 hadi 15, sina ugomvi naye.

---

Gesi_Imeisha

Hapo sawa, sikuona kwamba hana oveni.

---

Katlesi_Moto

Kwa zile ambazo maganda yamepasuka: usizitupe wala usilazimishe ganda lenye ufa, litafunguka kwenye siagi. Wapolandi wana kotlety jajeczne, kwa lugha yetu katlesi za mayai. Menya yote, kata vilevile, mchanganyiko uleule wa Mwiko_Mrefu, ila hapa yai bichi linaruhusiwa kwa sababu unazikaanga pande zote na ni nyembamba. Kwa mayai 6 ya kuchemsha tia yai bichi 1, na ongeza chenga kijiko kimoja kimoja mpaka ushikane. Mara nyingi vinafika vijiko 4. Friji nusu saa. Tengeneza vidonge bapa vya unene wa sentimita moja na nusu, usizidishe, vikiwa vinene katikati hakuivi. Viringisha kwenye chenga, kaanga moto wa kati dakika 3 au 4 kila upande. Zikipasuka pembeni, mchanganyiko ni mkavu, ongeza mtindi. Zikitanuka kama chapati, mchanganyiko una majimaji, ongeza chenga.

Mbali kidogo na mada: chakula hiki hakiko mbali nasi kama mnavyodhani. Tengeru, Arusha, kulikuwa na makazi ya wakimbizi wa Kipolandi kuanzia 1942, karibu watu 5,000, na makaburi yao yapo mpaka leo.

---

Sahani_Tupu

Nashukuru sana, nimeelewa kosa langu ni kama manne kwa pamoja. Naomba yaliyobaki. (1) Majani gani hasa? Mapishi ya Kipolandi yanasema szczypiorek na koperek. (2) Nimesoma pia kwamba wanakula na chrzan, hiyo ni nini na mbadala wake? Nimesikia mzizi wa mlonge una ladha hiyo. (3) Nataka kuyaandaa Jumamosi jioni, niyakaange Jumapili asubuhi kwa wageni.

---

Kisu_cha_Meno

Szczypiorek ni majani membamba ya jamii ya vitunguu. Tumia majani ya kitunguu, sehemu ya kijani tu, ile nyeupe ya chini ni kali na ina maji. Koperek ni yale majani membamba kama unyoya yenye harufu inayokaribiana na bizari tamu. Nenda soko la Kisutu kwa wauza mboga za Kihindi, Wagujarati huyaita suva. Yakikosekana tumia majani ya kitunguu peke yake, inatosha kabisa. Kotimiri usitie. Si mbaya, ila inakula harufu nyingine zote na utabaki na kitu kinachofanana na kachori.

Chrzan ni mzizi mweupe mkali unaopanda puani, Pasaka hauwakosi. Hata kwenye święconka, kile kikapu kinachopelekwa kanisani kubarikiwa Jumamosi Kuu, unakuwamo pamoja na mayai, mkate, chumvi na soseji. Mbadala wa hapa ni haradali kali, kijiko kimoja kwa vijiko viwili vya mtindi mzito. Mzizi wa mlonge achana nao. Harufu inakaribiana kweli, lakini gome la mzizi ule lina sumu. Pembeni weka figili zilizokatwa vipande vyembamba na chumvi, hapo umefika Polandi bila nauli.

---

Mwiko_Mrefu

Kuhusu Jumamosi: chemsha, kata, jaza, panga kwenye kontena lenye mfuniko, friji. Hapo simama. Chenga za juu usipake usiku, zitanyonya unyevu na hazitakauka kwenye kikaango. Paka Jumapili, dakika moja kabla ya kukaanga. Na usiyatoe kwenye friji mapema "yapate joto la kawaida", kwa joto letu siagi iliyo ndani italegea na utarudi kwenye rojo lako. Yatoke kwenye friji yaende kwenye chenga, yatoke kwenye chenga yaende kwenye siagi. Kwa kuwa yana ubaridi, punguza moto kidogo, dakika nne badala ya tatu, kisha zile mbili za kufunika.

Maganda yakiwa matupu yasipangwe moja ndani ya jingine, yanabanana na kupasuka. Trei ya mayai ndiyo kishikizo chako wakati wa kujaza, ila tandika karatasi safi juu yake, trei si safi.

Mezani yasikae zaidi ya muda wa saa mbili, na kama mnakulia nje kwenye jua, muda wa saa moja. Yaliyobaki yarudi kwenye friji yaliwe kesho yake, ya baridi, bila kupashwa. Ukiyapasha ukoko unalainika na kitunguu kinanuka.

---

Sahani_Tupu

Hapo kwenye trei ndipo nilipokuwa sijui niyashike vipi. Swali dogo la mwisho, wageni ni 8, niandae nusu ngapi?

---

Katlesi_Moto

Tatu kwa mtu kama kuna mkate na chai, kwa hiyo 24. Chemsha mayai 15, siyo 12. Yale matatu ya ziada ni ya maganda yatakayokusaliti, na yakikubali yote, yatie katikati ya mkate.